Mohandas Gandhi na Kodi ya Pauni Tatu

Kila hekalu lililojengwa ng'ambo ya bahari lina safari nyuma yake. Watu walikuja na mizigo michache, picha za miungu wa nyumbani na majina ya vijiji walivyoviacha. Wakafanya kazi, wakapata watoto, na siku moja wakasema kwamba sasa wanataka mahali pa kusali. Kurasa nyingine za kitabu hiki cha kumbukumbu zinasimulia siku hiyo. Lakini kabla yake ilikuwapo siku nyingine, ambayo haichongwi katika mawe ya msingi: siku msafiri aliposimama mbele ya meza ya karani na kuambiwa ni fedha kiasi gani atatoa ili aruhusiwe kuingia, au akiisha kuingia, aruhusiwe kubaki.

Ndiyo sababu tumeona inafaa kuwakumbusha wasomaji wetu, wanachama na majirani, sehemu moja ya maisha ya Mohandas Karamchand Gandhi. Wengi wanamjua kama mzee wa shuka nyeupe aliyeiongoza India kuelekea uhuru wake. Wachache wanakumbuka kwamba miaka 21 ya maisha yake ilifungamana na Afrika, na kwamba pambano lake kubwa la mwisho katika bara hili lilihusu ada ya kibali cha kukaa.

Mwana wa Porbandar

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika mji wa bandari wa Porbandar, Kathiawar, katika pwani ileile ya Gujarat ambako wazee wa wengi wetu walipandia majahazi. Baba yake, Karamchand, alikuwa diwani wa mtawala wa mahali hapo. Mama yake, Putlibai, alikuwa mtu wa ibada na saumu. Katika miezi minne ya mvua alikuwa akijiwekea nadhiri ngumu, na mwaka mmoja aliapa kutokula chakula mpaka alione jua. Watoto walisimama nje wakiyatazama mawingu. Jua lilipochungulia walikimbia kumwita, na mara nyingi alipotoka lilikuwa limekwisha kujificha. Mama alirudi kwenye kazi zake bila kula na bila kinyongo. Kijana alijifunza kwake kwamba mwenye kuahidi hukaa na ahadi yake hata inapomuuma.

Alipokuwa na umri wa miaka 13 aliozwa Kasturba. Mwaka 1888 alikwenda London kusomea sheria, akarudi mwaka 1891 akiwa wakili kamili, lakini kazi haikumwendea vizuri. Alikuwa mwenye haya; katika kesi yake ya kwanza huko Bombay alisimama mbele ya hakimu na maneno yakamkauka kinywani. Kwa hiyo mwaka 1893 nyumba ya biashara ya Dada Abdulla, Waislamu wenye asili ya Porbandar waliokuwa na maduka Natal, ilipotafuta wakili wa kuwasaidia katika kesi kwa mwaka mmoja, kwa malipo ya pauni 105, alikubali upesi. Ndivyo Mhindu wa Porbandar alivyoletwa Afrika na Waislamu wa Porbandar.

Njia yake ilipita kwetu. Baada ya siku 13 hivi za bahari meli ilitia nanga Lamu, naye akashuka kuutazama mji. Aliwakuta makarani wa Kihindi katika ofisi ya posta akazungumza nao, akawatazama pia wenyeji na kutaka kujua namna ya maisha yao, hata akasahau saa. Aliporudi, mkondo wa maji ulikuwa mkali, mashua ikashindwa kukaa kwenye ngazi ya meli. Ngazi ilikwisha kupandishwa na meli iko karibu kuondoka, ikabidi avutwe juu kwa kamba. Alipita Mombasa, kisha akakaa Unguja siku kadhaa akingojea meli nyingine ya kumpeleka kusini. Mwezi Mei alifika Durban, akiwa na umri wa miaka 23, asiyejulikana na mtu.

Wageni waliopewa jembe

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wahindi wa Natal walipewa jembe siku ya kwanza. Wakulima wa miwa wa koloni hilo la Kiingereza walihitaji watu wa kazi. Wazulu walikuwa na mashamba na ng'ombe wao, nao hawakuona sababu ya kuyaacha ili wakate miwa ya mwingine kwa ujira mdogo. Serikali ya Natal ikaomba watu kutoka India, na mwezi Novemba 1860 meli ya kwanza ikafika kutoka Madras. Mpaka mwaka 1911, uletaji huo ulipokomeshwa, zaidi ya watu 150,000 walikuwa wamepelekwa Natal. Walio wengi walikuwa Wahindu, maskini wa vijiji vya kusini na vya bonde la mto Ganga.

Walikwenda kwa mkataba wa miaka mitano, uliojulikana kwa jina la girmit. Ujira ulianza shilingi 10 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, ukapanda polepole hadi shilingi 14 katika mwaka wa tano, pamoja na posho ya chakula. Mtu aliyemwacha bwana wake kabla ya muda kwisha hakudaiwa kama mdaiwa wa kawaida. Alishtakiwa kama mhalifu na kutiwa gerezani. Lakini miaka mitano ikiisha, alikuwa huru kukaa. Maelfu walikaa. Walilima mboga na matunda, wakazipeleka sokoni kwa bei ambayo maskini aliiweza. Wengine wakafungua vibanda vya biashara, na wachache wakanunua viwanja.

Hapo ndipo walipoanza kuchukiwa. Wazungu waliowataka mashambani hawakuwataka sokoni. Mwaka 1893 Natal ilipata serikali yake ya ndani, iliyochaguliwa karibu kabisa na walowezi wenyewe, na mwaka uliofuata serikali hiyo ikatafuta njia ya kupata nguvu za Mhindi bila kumpata Mhindi kuwa jirani. Kumfukuza waziwazi ilikuwa vigumu, kwa kuwa alikuwa raia wa dola ileile ya Malkia. Njia iliyoonekana kuwa laini zaidi ilikuwa ada.

Bei ya kubaki

Mpango wa kwanza ulikuwa kwamba kila aliyemaliza mkataba na hataki kurudi India wala kufunga mkataba mpya alipe pauni 25 kila mwaka. Hakuna kibarua aliyeweza kuota kiasi hicho. Wajumbe wa Natal walikwenda India kupata ridhaa ya Gavana Mkuu, Lord Elgin, naye akakataa pauni 25 lakini akakubali pauni 3. Sheria namba 17 ya mwaka 1895 ikapitishwa, na fedha hiyo ikaitwa ada ya kibali cha kukaa katika koloni, inayolipwa upya kila mwaka. Baadaye, mwaka 1903, mzigo uliongezwa kwa watoto: mvulana akitimiza miaka 16, na msichana miaka 13, naye alidaiwa pauni 3 zake.

Wasomaji wafanye hesabu. Pauni moja ilikuwa shilingi 20. Kwa mtu aliyepata shilingi 14 kwa mwezi, pauni 3 zilikuwa ujira wa zaidi ya miezi minne. Nyumba yenye mume, mke, mwana mmoja na binti mmoja waliofikia umri huo ilidaiwa pauni 12 kwa mwaka, yaani shilingi 240, hali ujira wa mwaka mzima wa mkataba haukuzidi shilingi 168. Waliobuni kiwango hicho walijua kwamba kingewashinda walipaji, nao hawakukiweka kwa ajili ya kujaza hazina. Asiyeweza kulipa alirudi alikotoka, au alirudi kwa bwana wa shamba kufunga mkataba mwingine, au alipelekwa mbele ya hakimu.

Gandhi alikuwa amekwisha kukaa baada ya kesi yake kumalizika, kwa kuwa wafanyabiashara walimwomba awasaidie kupinga sheria ya kuwanyima Wahindi kura. Mwaka 1894 walianzisha Natal Indian Congress, naye akawa katibu. Chama hicho kilipinga kodi kwa barua na maombi tangu mwanzo. Hata hivyo kiingilio chake kwa mwaka kilikuwa pauni 3, kiasi kilekile cha kodi. Kwa hiyo walioumizwa na kodi hawakuweza kuwa wanachama wa chama kilichoipinga. Kwa miaka mingi kilibaki chama cha wenye maduka, na Gandhi alikuwa wakili wa wenye maduka.

Mtu mmoja alianza kumbadilisha. Alikuwa Mtamil aliyeitwa Balasundaram, kibarua wa mkataba huko Durban. Alifika ofisini nguo zimeraruka, meno mawili ya mbele yamevunjika, mdomo unatoka damu, na kilemba chake kakishika mkononi. Bwana wake alikuwa amempiga. Gandhi alimpeleka kwa daktari, kisha kwa hakimu, na mwishowe akamtafutia bwana mwingine wa kuuchukua mkataba wake, kwa sababu sheria haikumruhusu kuwa huru. Lakini lililomchoma moyo lilikuwa kile kilemba. Kibarua alifundishwa kukivua mbele ya kila mkubwa, naye alikivua hata mbele ya Mhindi mwenzake. Gandhi alimwomba akifunge tena kichwani. Habari ya kesi ile ilienea mashambani, na vibarua wakajua kwamba yupo mtu mjini wa kuwasikiliza.

Mwaka 1896 alirudi India kuchukua jamaa yake, na huko alieleza hali ya Wahindi wa Afrika ya Kusini. Habari zilifika Natal zikiwa zimetiwa chumvi. Meli yake ilizuiwa nje ya bandari siku 23, na aliposhuka tarehe 13 Januari 1897 kundi la Wazungu likamshambulia kwa mawe na mateke. Alinusurika kwa sababu Bibi Alexander, mke wa mkuu wa polisi, alifungua mwavuli wake na kusimama kati yake na watu. Alipoulizwa kama anataka kuwashtaki, alikataa. Mwaka huohuo Natal ilitunga sheria ya kumtaka kila mgeni aandike ombi katika lugha ya Ulaya, na katika Transvaal Wahindi tayari walikuwa wakitozwa pauni 3 ili waandikishwe kama wakazi. Milango ilikuwa mingi, na katika kila mmoja palikuwa na karani na bei.

Kodi nyingine, ya jirani

Majirani wetu watauliza, na wana haki ya kuuliza: Waafrika wenyewe walikuwa na hali gani wakati huo? Maisha ya Gandhi hayasimuliwi kwa haki bila jibu.

Mwaka 1905 serikali ileile ya Natal ilitunga kodi ya kichwa ya pauni 1, nayo ikawaangukia zaidi vijana wa Kizulu ambao hawakuwa wakilipa kodi ya kibanda. Shabaha ilifanana na ile ya pauni 3: kumwondoa mtu katika shamba lake na kumsukuma kwenye shamba au mgodi wa mwingine, kwa kumdai fedha ambayo haipatikani pengine. Mwaka 1906 watu waliomfuata Bambatha waliinuka, na maelfu ya Wazulu waliuawa. Hapa kwetu pia wazee wanajua maana ya kodi ya kibanda, na jinsi ilivyowatoa vijana vijijini kwenda kutafuta rupia.

Gandhi hakusimama upande wa Wazulu katika vita hivyo. Aliamini bado kwamba Wahindi wakiitumikia dola watapewa haki, akaunda kikosi kidogo cha wabeba majeruhi chini ya jeshi la serikali. Na katika miaka yake ya kwanza aliandika juu ya Waafrika kwa maneno ya dharau, akidai haki za Wahindi kana kwamba kuwekwa pamoja na wenyeji kulikuwa aibu. Jambo hilo halifai kufichwa, wala katika hekalu wala kwingineko. Lakini kazi yenyewe ilimwonyesha asichokuwa amekitafuta. Majeruhi waliokabidhiwa kwake walikuwa Wazulu, wengi wao si wa risasi bali wa viboko, na vidonda vyao vilikuwa vimeachwa kuoza kwa sababu wauguzi wa Kizungu hawakutaka kuvigusa. Yeye na wenzake walivisafisha. Akitembea katika vilima vile alianza kuona kwamba alichokiona hakikuwa vita bali uwindaji wa watu, na huko ndiko alikoweka nadhiri ya kuishi maisha ya utumishi na kujizuia.

Alirudi Johannesburg, na tarehe 11 Septemba mwaka huohuo akashiriki katika mkutano ambao Wahindi wa Transvaal waliapa kutotii sheria ya kuwaandikisha kwa alama za vidole kama wahalifu. Mapambano hayo yaliitwa satyagraha, yaani kushikamana na kweli: kuvunja sheria mbovu hadharani, kukubali adhabu yake, na kutomwinulia mkono mpinzani. Kwa miaka kadhaa waliingia na kutoka gerezani. Hata hivyo, kodi ya pauni 3 ilibaki palepale.

Ahadi iliyovunjwa

Mwaka 1912 alikuja Afrika ya Kusini Gopal Krishna Gokhale, mwalimu wa Poona na mjumbe wa baraza la Gavana Mkuu wa India, ambaye Gandhi alimheshimu kama mkubwa wake katika siasa. Gokhale ndiye aliyeshawishi baraza hilo mwaka 1910 likubali kuzuia upelekaji wa vibarua Natal. Sasa alizunguka kutoka Cape Town hadi Durban akiwasikiliza vibarua waliokwisha mkataba, kisha akaonana na Jenerali Botha na mawaziri wake mjini Pretoria. Alitoka katika mazungumzo hayo akiamini kwamba kodi itafutwa. Gandhi na rafiki yake Kallenbach walimsindikiza kwa meli mpaka Unguja, na katika bandari za pwani hii Wahindi walijitokeza kumlaki mgeni huyo. Kwa hiyo habari njema ya kufutwa kwa kodi ilipita kwetu kabla haijawa kweli.

Haikuwa kweli. Mwaka 1913 serikali ilisema kwamba haikuahidi lolote. Kwa Gandhi jambo likabadilika sura: juu ya dhuluma ya kodi likaongezwa deni la neno lililovunjwa kwa mgeni wa heshima. Na mwezi Machi mwaka huohuo mahakama ya Cape ilitoa hukumu ambayo matokeo yake yalikuwa kwamba ndoa zilizofungwa kwa desturi za Kihindu au za Kiislamu hazitambuliwi na sheria. Mke aliyefunga ndoa mbele ya moto mtakatifu, kwa mujibu wa hukumu hiyo, hakuwa mke. Wanawake ambao mpaka wakati huo walikuwa wakiwapikia wapiganaji waliingia wenyewe katika pambano. Mwezi Septemba Kasturba alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuvuka mpaka bila kibali, akahukumiwa miezi mitatu na kazi ngumu.

Kundi jingine la wanawake, wengi wao Watamil kutoka Transvaal, lilikwenda Newcastle penye migodi ya makaa ya mawe, likawaeleza wachimbaji habari ya pauni 3. Mwezi Oktoba wachimbaji wakaweka chini majembe. Wenye migodi wakakata maji na taa katika nyumba zao. Wachimbaji wakatoka na matandiko yao kichwani, wakamfuata Gandhi. Hakuwa na mahali pa kuwaweka. Akaamua kuwaongoza kwa miguu mpaka Transvaal, ambako sheria iliwakataza kuingia bila kibali: ama wafungwe wote, ama wafike.

Tarehe 6 Novemba 1913 waliondoka Charlestown wanaume 2,037, wanawake 127 na watoto 57. Posho ya kila mmoja ilikuwa mkate na sukari kidogo. Watoto wawili wachanga walikufa katika safari hizo, mmoja kwa baridi na mwingine kwa kuanguka mtoni kutoka mikononi mwa mama yake, na akina mama hao waliendelea kutembea. Gandhi alikamatwa mara tatu katika siku nne. Waandamanaji walitiwa katika magari moshi wakarudishwa Natal, na maboma ya migodi yenyewe yakatangazwa kuwa magereza, wasimamizi wa migodi wakawa askari wake, ili watu walazimishwe kuchimba chini ya mjeledi. Wakakataa. Mgomo ukaenea mpaka mashamba ya miwa ya pwani, maelfu kwa maelfu, na huko polisi walipiga risasi na watu wakafa.

Yupo mmoja ambaye Gandhi hakumsahau. Katika gereza la Volksrust alikutana na mzee wa miaka 75 hivi, Harbatsingh, aliyekwisha mkataba wake zamani. Hakuwa mgomaji wala mchimbaji. Gandhi alimuuliza kwa nini yumo gerezani kwa umri ule. Mzee alimjibu kwamba asingeweza kukaa nje wakati wengine, hata wanawake na vijana, wamefungwa kwa ajili ya watu kama yeye. Alihamishwa gereza la Durban, akafa humo tarehe 5 Januari 1914, na mamia ya watu walihudhuria alipochomwa kwa desturi zetu. Mwezi uliofuata alikufa Valliamma, msichana wa miaka 16, kwa homa aliyotoka nayo gerezani. Wote wawili walikufa kabla sheria haijabadilishwa.

Ilibadilishwa mwaka huohuo. India ilikuwa imechafuka, hata Gavana Mkuu, Lord Hardinge, alisema hadharani kwamba wagomaji wanastahili kuhurumiwa. Tume ya uchunguzi ilipendekeza kodi ifutwe, na sheria ya kuwapunguzia Wahindi taabu ikapitishwa katikati ya mwaka 1914. Kodi ya pauni 3 iliondolewa, malimbikizo yake yakasamehewa, na ndoa zetu zikatambuliwa. Tarehe 18 Julai Gandhi aliondoka Afrika ya Kusini asirudi tena. Kwa Jenerali Smuts, mpinzani wake, aliacha jozi ya makubazi aliyoyashona mwenyewe gerezani.

Ushindi huo haukuwa kamili. Mhindi bado hakuweza kuvuka kutoka jimbo hadi jimbo apendavyo, na kura hakupata. Kodi ya kichwa ya Waafrika haikuguswa, wala haikuwamo katika madai.

Baada ya Afrika

Huko India mambo aliyojifunza Natal yalikua. Alidai kukomeshwa kwa mfumo wenyewe wa girmit, na mwaka 1917 uandikishaji wa vibarua ulisimamishwa. Mwaka 1930 alitembea hadi bahari ya Dandi kupinga kodi ya chumvi, ambayo tajiri hakuiona na maskini aliilamba kila siku; aliyeona safari ya Charlestown angeitambua safari ya Dandi. Alipigania usafi wa haki kwa Waharijani, na milango ya mahekalu mengi ikafunguliwa kwa waliokuwa wakizuiwa. India ilipata uhuru mwaka 1947 ikiwa imegawanyika kwa damu. Tarehe 30 Januari 1948, akienda kwenye sala ya jioni mjini Delhi, aliuawa kwa risasi na Mhindu mwenzake aliyeona kwamba amewapenda Waislamu kupita kiasi.

Ni ipi ada ya haki?

Maisha haya hayafundishi kwamba kila ada ya kuingia nchini ni dhuluma. Gandhi mwenyewe hakukana haki ya nchi kuamua nani aingie. Katika mapatano yake na Smuts alikubali idadi ndogo sana ya wageni wapya, mradi sheria isimtukane mtu kwa ajili ya rangi yake. Karani lazima alipwe, karatasi lazima zichapwe, na si haki mwenyeji abebe gharama yote ya mgeni.

Lakini pauni 3 zinatuachia maswali matatu ya kuipima ada yoyote. Kwanza, je, inalingana na kazi inayofanywa, au imepandishwa makusudi ili imshinde mlipaji? Pili, je, inalipwa mlangoni mara moja, au imegeuka kodi ya pango kwa mtu ambaye tayari anafanya kazi na kulipa kodi nyingine kama wenzake? Tatu, je, anayetozwa ana sauti yoyote mbele ya anayetoza? Ada ya Natal ilishindwa katika yote matatu. Natal ilimwita mtu kwa ajili ya nguvu zake, kisha ikamuuzia ruhusa ya kuishi alikozitumia.

Maswali hayo hayajazeeka. Vijana wa mtaa huu, wa hekaluni na wa nje yake, hujipanga mbele ya balozi wakiwa na akiba ya ukoo mzima, na ombi likikataliwa fedha kwa kawaida hairudi. Uingereza, tangu Februari 2024, kwa kawaida humtoza mgeni mtu mzima anayepewa ruhusa ya kukaa muda mrefu pauni 1,035 kwa kila mwaka kwa ajili ya matibabu, juu ya ada ya viza yenyewe, nazo hutakiwa kwa mkupuo kabla ya safari. Watetezi wake wanasema hospitali haziendeshwi bure, na ni kweli. Lakini mfanyakazi mgeni anayelipa ada hiyo hukatwa kodi ya mshahara pia, na swali la pili linamhusu. Wala tusiwanyooshee kidole wa mbali tu. Nchi zetu hutoza wageni vibali vya kazi, nasi tunaomleta pujari au fundi kutoka India tunajua uzito wake. Anayehisi uzito huo na afikirie pia yule anayevuka mpaka wetu kwa miguu akitafuta kibarua, asiye na kamati ya kumlipia.

Reli iliyojenga miji mingi ya Afrika Mashariki ililetewa Wahindi karibu 32,000 kwa mikataba; karibu 2,500 walikufa wakiijenga, na waliobaki baada ya kazi kwisha hawakufika 7,000. Hawa nao walikuja kwa jembe, na wenyeji waliokuwa wakilipia vibanda vyao wenyewe wakawapokea kuwa majirani. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Gandhi ililetwa Jinja na kumiminwa katika mto Nile, mahali unapotoka ziwani kuelekea kaskazini. Maji hayo hupita nchi baada ya nchi mpaka baharini.